"Kwenye" nne katika kiitikio kimoja

Msomaji anatafsiri "Gruppa krovi", wimbo wa Kirusi wa Viktor Tsoi na bendi yake ya Kino ya Leningrad, uliotoa jina la albamu yao ya mwaka 1988. Anauliza: gruppa krovi ni "kundi la damu" au "aina ya damu"? Ameambatisha kiitikio: "Kundi la damu kwenye mkono, namba yangu kwenye mkono, nitakie bahati njema kwenye vita, nitakie nisibaki kwenye nyasi hizi."

Ni kundi la damu. Damu tumeipokea kutoka Kiarabu, kundi ni Kibantu chetu, na hospitalini utasikia pia "grupu". Swali limekwisha. Lakini kiitikio kina "kwenye" nne, na hizo sizipiti kimya.

Tsoi mwenyewe anasema na rukave kwa mkono, v boyu kwa vita, v etoy trave kwa nyasi hizi. Hiyo "na" ya Kirusi ni juu ya kitu, "v" ni ndani yake. Kirusi kimetenganisha mahali pa maandishi na mahali anapoingia mtu, halafu Kiswahili, lugha yenye viambishi vya mahali pa, ku na mu, kinafukiwa chini ya neno moja! Wimbo hautaji nchi wala vita gani. Wengi waliusikia kama wimbo wa Afghanistan, ambako majeshi ya Kisovieti yalikuwa tangu Desemba 1979 hadi Februari 1989, lakini jina hilo halimo. Mahali pote pa wimbo pamo ndani ya vijineno hivyo vidogo. Ukivichezea, msikilizaji hajui asimame wapi.

Tazama mkono. Kwa Kirusi ruka ni mkono wa mwilini, rukav ni mkono wa shati. Askari wa Kisovieti aliandikiwa kundi lake kwenye sare kwa namba za Kirumi: I ni O, II ni A, III ni B, IV ni AB, pamoja na alama ya Rh. Sababu ni kwamba majeruhi aliyezimia hawezi kujibu, na damu isiyopatana naye huvunja chembe nyekundu na inaweza kumuua. Hayo ni maandishi ya nguo. "Kwenye mkono" inamchanja askari chale. Fundi cherehani yeyote angesema "mkono wa shati", basi andika "mkononi pa shati". Usiandike "mkononi mwa shati", maana mwa itayaingiza maandishi ndani, yagusane na ngozi, na hakuna tabibu atakayeyasoma.

Mtaona hapo juu nimeandika "kwenye sare". Neno lenyewe halina kosa. Ni ku na -enye, mahali palipo na kitu, na lina ndugu yake "penye" tuliyemsahau. Wazee walisema "penye miti hapana wajenzi", na wengine "kwenye miti hakuna wajenzi". Sikiliza: penye ikavuta hapana, kwenye ikavuta hakuna. Methali moja, njia mbili, na kila njia imeshika upatanisho wake hadi mwisho. Leo mtu anaandika "kwenye meza pana kitabu", "kwenye moyo mna huzuni", wala sikio halimshtui. Nani alituambia -ni imechakaa? Mezani pana kitabu. Moyoni mna huzuni. Ni fupi zaidi, na katika wimbo kila silabi inalipiwa.

"Kwenye basi" na "kwenye simu" nimekwisha kuziachia, zimeshinda. "Kwenye vita" siiachii maadamu vitani ipo. Tena boy ni pigano, vita nzima ni voyna, kwa hiyo hapa ni mapiganoni. "Bahati njema" nayo ni ya kadi za pongezi. Anayeaga kwenda kupigana hutakiwa heri. Na nyasi: askari haogopi kubaki karibu na nyasi, anaogopa kulala ndani yake asiamke. Hiyo ni mu tupu, nayo inataka kionyeshi chake: nyasini humu.

Katika filamu ya Igla ya Rashid Nugmanov, pia ya mwaka 1988, wimbo huu unaanza baada ya Moro, anayechezwa na Tsoi, kuchomwa kisu, akapiga magoti thelujini, akainuka na kwenda zake. Msomaji aiangalie sehemu hiyo, kisha aimbe hivi:

Kundi langu la damu mkononi pa shati,
namba yangu mkononi pa shati,
nitakie heri mapiganoni,
nitakie nisibaki nyasini humu.