Laptopu ya mtumba ya Ubuntu: ThinkPad, Latitude au Pavilion?

Kaka, kwa Ubuntu (mfumo wa bure wa Linux unaowekwa badala ya Windows), chukua ThinkPad T ya Lenovo au Latitude ya Dell. Pavilion ya HP si mbovu, ila mashine za kiofisi ndizo nyingi kwenye orodha ya Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, ya laptopu zilizopimwa kama zinaendesha Ubuntu vizuri. Natengeneza laptopu hapa Kariakoo, na kinachowaliza wengi ni kadi ya wifi. Ya Intel kwa kawaida inashika yenyewe. Ya Broadcom mara nyingi inataka draiva za pembeni (programu za kuiendesha kadi, ambazo unazishusha mwenyewe), na bila intaneti utazishusha na nini? Unaishia kuchomeka simu kwa waya wa USB. Kabla hujalipa, iwashe kwa flashi yenye Ubuntu: jaribu wifi, sauti, kisha funika ilale, uone kama inaamka. Hapo kwenye kuamka ndipo nyingi zinaumbuka.

Huduma kwa wateja: Lenovo na Dell wanaweka bure mtandaoni mwongozo wa kufungua mashine, na waranti unaiangalia kwa namba iliyobandikwa chini. Ila mtumba wa Dubai au Uingereza waranti mara nyingi imeshakwisha, kwa hiyo uliza kwanza kama betri na kioo chake vinapatikana mjini.