Kabla ya fimbo na rili, mfundishe mtoto maji

Wiki iliyopita baba mmoja wa Kigamboni aliniandikia ujumbe. Kijana wake wa miaka 9 ameona video za watu wanaovua wakiwa ufukweni, na tangu hapo hana usingizi. Baba anauliza anunue fimbo gani, na rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ya bei gani. Mwishoni akaongeza kuwa yuko na binti wa miaka 7 ambaye naye analilia kwenda, ila huyo atabaki nyumbani na mama yake. Nilimjibu kwa kifupi siku ile ile. Leo nataka kujibu kwa kirefu, maana swali hili naulizwa na wengi, na hilo la binti limenigusa pabaya.

Kaka yangu, fimbo usinunue. Bado.

Nimekulia Tanga, upande wa Mwambani. Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi wa mshipi, yaani uzi wa kuvulia na ndoana. Wajukuu wa kiume walipofika umri wa kubeba ndoo aliondoka nao alfajiri, nami nilibaki na bibi na wanawake wenzake, tukatanda dagaa, yaani kuwavua kwa khanga kuukuu, na kuokota chaza maji yakikupwa. Sidharau kazi ile. Bibi alikuwa akiangalia tundu mwambani anajua kama pweza yumo. Lakini mimi nilitaka mshipi, na kila nilipouliza niliambiwa mshipi una wenyewe.

Kaka zangu wakakua, wakaenda kutafuta maisha mjini. Babu akabaki na miguu yake inayouma, hawezi tena kupanda ngalawa, anavua kutoka nchi kavu tu. Hapo ndipo akaniita. Nilidhani atanipa mshipi. Akanipa kijiti, akaniambia kichomeke pale maji yalipoishia, kisha kaa, uniambie maji yanakuja au yanakwenda. Ikawa ndiyo kazi yangu muda mrefu: kijiti na maji. Usiku ananiuliza mwezi mwandamo ni wa ngapi. Nikikosea, kesho ni kijiti tena.

Ninachowafundisha watoto leo ni kile kile. Mwezi ukiandama, na tena ukifika 15, ni bamvua: maji yanajaa sana na kukupwa sana, na huku kwetu tofauti yake inapita mita 3. Siku hizo maji yanajaa kwenye saa 10 au 11, alfajiri na alasiri, na kukupwa kwenye saa 4 au 5, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata kujaa kunachelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo baada ya juma moja mambo yamegeuka: ni maji mafu, yanasogea kidogo tu, na kujaa kunaangukia katikati ya asubuhi. Mtoto akilishika hili hahitaji kuambiwa siku ya kwenda. Siku za bamvua anatoka shule na kukuta maji yanapanda, na samaki wanapanda nayo kuja kula kwenye maji ya kina kifupi. Saa mbili za mwisho kabla ya kujaa ndizo zake. Siku za maji mafu anangoja Jumamosi asubuhi.

Babu aliponipa mshipi hatimaye, nilitoa samaki aina ya changu, wa ukubwa wa kiganja. Nilimpara mwenyewe, bibi akamkaanga, nikala peke yangu kwa ruhusa ya babu. Kaka yangu mkubwa alikuja likizo akakuta habari hiyo. Alimwambia babu mbele yangu kwamba amemkabidhi mtoto wa kike kitu kitakachomharibia ndoa. Babu aliendelea kula. Hakunitetea kwa neno hata moja, na kesho yake alfajiri akaniamsha twende. Nimemsamehe kaka, tunazungumza vizuri, lakini maneno yale nayasikia mpaka leo.

Nimeyasikia tena ukubwani, kwa sura nyingine. Niliwahi kuomba katika shule moja ya msingi nichukue watoto wachache Jumamosi, bure, niwafundishe hizo akili za maji. Nikajibiwa mbele ya kikao cha wazazi kwamba madarasa hayakujengwa ili watoto wawe wavuvi. Wazazi wakacheka. Na wengi wao walisomeshwa kwa samaki! Nilirudi nyumbani kifua kinawaka, nikaanza na watoto wa mtaani kwetu, wawili, mtu na dada yake. Sasa ni kundi, na wasichana ni nusu.

Mwezi uliopita kundi hilo lilinipa furaha ambayo fedha haiwezi kuinunua. Wavulana wageni walikuwa wamekwenda mbali juu ya mwamba, siku ya bamvua, saa 6 mchana, wanaokota. Msichana mmoja wa kwangu, ana miaka 11, akasimama akawaita warudi, kwa sababu nyuma yao palikuwa na mkondo uliokwisha kuanza kujaa. Walibisha. Akawaonyesha kijiti chake kilivyozama. Walivuka kurudi maji yakiwa magotini, na muda si mrefu pale palikuwa pa kuogelea. Sikuwa nimemwambia chochote. Huyo hata asipovua samaki mwingine maisha yake yote, mimi nimelipwa.

Sasa vifaa, kwa sababu najua ndicho ulichokitafuta. Mshipi wa nailoni wa milimita 0.4 hivi, umezungushwa kwenye chupa ya maji ya nusu lita. Mtoto anashika chupa mkono mmoja, mdomo wa chupa ukielekea baharini, anarusha kwa mkono wa pili, na mshipi unajifungua wenyewe. Ndoana iwe ndogo, namba 12 au 14. Kumbuka namba ikipanda ndoana inapungua. Bana kile kijino cha kwenye ncha kwa koleo mpaka kilale, ndoana ikimchoma mtoto itatoka bila kupasua nyama. Chubwi (kizito cha kuzamisha ndoana) ya madini ya risasi siwapi watoto, maana huiweka mdomoni na risasi ni sumu. Nati ya bolti inatosha. Chambo ni kipande cha nyama ya kamba au ngisi, kidogo, kifunike ncha tu. Vyote hivyo kwa pamoja ni bei ndogo sana ukilinganisha na hiyo fimbo.

Fundo la kufunga ndoana lifanyieni nyumbani, sebuleni. Pitisha mshipi kwenye tundu, uzungushe juu yake mara 5, rudisha ncha kwenye kitanzi cha mwanzo, lowesha kwa mate, vuta. Mwache akosee, lifumuke, afunge tena. Usimfungie. Baba anayemfungia mtoto kila kitu anavua yeye, mtoto ni mtazamaji.

Mambo ya hatari nayasema bila kupunguza. Viatu vya plastiki miguuni wakati wote, kwa ajili ya miba ya mwambani. Akiingia kwenye maji ya mchanga aburuze miguu, samaki taa akisikia mtikisiko huondoka. Kabla ya kurusha ageuke aangalie nyuma. Tasi asishikwe kwa mkono mtupu, miba yake ina sumu. Akimchoma mtoto, tumbukiza mkono kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika, ukiwa umeyajaribu wewe kwanza, kwa nusu saa au zaidi, na maumivu yasipotulia nenda hospitali. Bunju, yule anayejijaza akavimba, arudishwe baharini: sumu yake haiondoki kwa kupikwa, na inaua. Miezi ya kusi, hasa Juni na Julai, upande ulio wazi kwa upepo usiende na mtoto, tafuta ghuba iliyokingwa.

Na samaki wa baruti asiingie kwenye ndoo ya mtoto hata akipewa bure. Atamjua: nyama imelegea, mgongo umevunjika. Hapa Tanga tumeona baruti ilivyoua matumbawe, na ni marufuku kisheria. Mtoto aliyengoja saa nzima kupata chaa mmoja anaelewa ubaya wa baruti kuliko aliyehubiriwa.

Wazazi wenzangu, mwaniudhi kwa jambo moja. Mnapeleka watoto baharini kisha mnakaa kivulini na simu. Mtoto wa miaka 7 yuko ukingoni mwa maji, nawe unatazama picha za harusi ya mtu usiyemjua! Keti naye, mkono uweze kumfikia. Asipopata samaki msirudi mkimlaumu, wala msipite sokoni kununua wa kumfurahisha. Akipata mdogo mno amrudishe mwenyewe, kwa mkono uliolowa. Akipata wa kula ampare mwenyewe, hata akichafua jiko zima. Na binti asikusanye ndoo za kaka yake. Mpe chupa yake, ndoana yake, na kijiti chake.

Mshipi uliokatika usiuache ufukweni, unanasa kasa na ndege. Uzungusheni kwenye chupa, mrudi nao, muukate vipande vifupi kabla ya kuutupa kwenye taka.