Jumla ya Risiti Si Mfumuko wa Bei

Mwaka wangu wa kwanza wa kupima mfumuko wa bei nyumbani nilipima vibaya. Kila mwisho wa mwezi nilijumlisha risiti za chakula, nikalinganisha na za mwezi uliotangulia, kisha nikatangaza mezani kwamba takwimu za serikali ni hadithi za kubembelezea watoto. Mwezi mmoja jumla ilipanda kwa asilimia 18. Nilifoka weee! Mke wangu akaniacha nimalize, akauliza, "Na wale wageni wa wiki mbili walikula upepo?"

Nilikuwa napima matumizi, si bei. Mfumuko wa bei unauliza jambo jingine: kapu lilelile, kiasi kilekile, ubora uleule, leo linagharimu kiasi gani? Kanuni maarufu ya kapu hilo lisilobadilika ilipendekezwa na mwanauchumi Mjerumani Étienne Laspeyres, 1871, na fahirisi nyingi za bei za mlaji (namba zinazoonyesha bei zimesogea kiasi gani tangu mwanzo wa kupima) bado zinatembea karibu na njia yake.

Ukitaka kupima nyumbani, chagua bidhaa kama ishirini unazonunua kweli, kila moja uieleze kiasi kwamba hata mgeni akitumwa hatakosea. "Maziwa" haitoshi. Andika maziwa freshi, pakiti ya nusu lita, chapa fulani, duka fulani. Nenda tarehe zilezile kila mwezi.

Na andika ujazo! Hapa ndipo soda iliponipiga chenga. Kwa miezi minne daftari lilionyesha bei haijasogea hata kidogo, nami nikaisifu. Siku moja nikaweka chupa tupu ya zamani kando ya mpya: urefu ni ule ule, lakini kiuno kimebonyea. Ya zamani mililita 500, mpya 450. Bei ya chupa ni ileile, ila bei ya lita imepanda kwa asilimia 11. Tangu siku hiyo sirekodi bei ya chupa wala pakiti. Narekodi bei ya lita na ya kilo.

Kosa langu la pili lilikuwa kutafuta wastani wa kawaida, kana kwamba soda na unga vina uzito mmoja mfukoni. Watakwimu huzipa bidhaa mizania, yaani uzito, kutokana na utafiti wa matumizi ya kaya. Tuseme katika kila 100 unazotumia kwa chakula na vinywaji, unga unakula 25 na soda 2. Soda ikipanda kwa asilimia 30, kapu zima linasogea kwa pointi 0.6 za asilimia tu. Unga ukipanda kwa asilimia 8, linasogea kwa pointi 2. Soda ndiyo inayopigiwa kelele, lakini unga ndio unaoumiza.

Wastani wenyewe nao una mitego. Bidhaa moja, maduka mawili: kwa la kwanza bei imekuwa maradufu, kwa la pili imeshuka hadi nusu. Ukichukua wastani wa kawaida wa mabadiliko hayo utapata ongezeko la asilimia 25. Ukizidisha (2 mara 0.5) na kutafuta kipeuo cha pili unapata 1, yaani hakuna mabadiliko. Njia hii ya pili ndiyo ya Jevons, mwanauchumi Mwingereza, na mimi ndiyo ninayotumia. Simu yoyote yenye kikokotoo inatosha.

Angalia pia kilichomo kwenye kundi. Katika mpangilio wa kimataifa wa matumizi ya kaya, kundi la 01 ni chakula na vinywaji visivyo na kilevi: chai, kahawa, juisi, soda, maji ya chupa. Bia iko kundi la 02. Maji ya bomba yako pamoja na nyumba, na chakula cha mgahawani kiko kwenye migahawa na malazi. Mimi nilikuwa nachanganya na chakula changu cha mchana kazini, halafu nashangaa kwa nini hatulingani na takwimu za serikali.

Nyanya na wenzake wa msimu, linganisha na mwezi uleule wa mwaka jana. Bidhaa ikiadimika usiandike sifuri, wala usiburuze bei ya zamani miezi na miezi. Isogeze kwa kadiri bidhaa za aina yake zilivyosogea.

Halafu kuna hili linalogombanisha watu: fahirisi ikitoka 100 hadi 120, mfumuko ni asilimia 20. Mwaka unaofuata ikifika 126 ni asilimia 5. Mfumuko umeshuka, bei zimepanda. Mtangazaji hajadanganya, na wewe unayelalamika sokoni hujakosea.

Daftari langu sasa haligombani na namba ya taifa, ingawa hazilingani. Ile ni ya kaya ya wastani. Mwezi uliopita yetu ilikuwa juu kwa pointi moja na nusu, karibu yote ikitokana na maziwa. Tuna watoto watatu, na mdogo bado hajui kunywa kikombe kimoja akaridhika.