Kabla ya kupiga dawa, geuza jani

Wewe unayeanza kutunza miti ya bustani, nakuomba jambo moja: ukiona majani yametoka vinundu, usikimbilie duka la pembejeo. Geuza jani kwanza.

Mwaka wangu wa kwanza kitaluni nilipiga dawa mlimao mmoja mara tatu, vinundu vikabaki vilevile. Sikujua kwamba kinundu ni jani lenyewe, limevimba baada ya kuchokozwa na mdudu. Mdudu akishahama, alama haifutiki hadi jani lidondoke. Nilikuwa natibu kovu.

Chukua michungwa na milimao ya nyanda za baridi, kama Lushoto. Juu ya jani changa utaona vipele. Chini yake, kila kipele ni kishimo. Ukikuta humo mdudu bapa wa manjano amejibana, huyo ni mtoto wa psilidi wa michungwa (Trioza erytreae), mdudu mdogo mfyonza utomvu, na bado ananyonya. Kishimo kitupu ni habari ya zamani. Ukikuta mdudu amekauka na ana tundu mgongoni, ujue kauawa na nyigu mdogo sana anayekusaidia bure. Hapo sumu itamwua msaidizi wako.

Vipele vyenyewe haviui mti. Ninachokiogopa ni bakteria ambao mdudu huyu huwaeneza. Majani ya mti ulioambukizwa huwa na mabaka ya manjano yasiyofanana pande mbili za mshipa mkuu, matunda hudumaa na kupinda, mbegu husinyaa. Ugonjwa huo hauna tiba. Ng'oa mti, hata kama inakuuma moyoni, na usikate kwake vikonyo vya kubebeshea, yaani vya kuunganisha kwenye miche mingine.

Miti isiyougua ilindwe kwenye machipukizi, kwa sababu psilidi hutaga kwenye majani mororo. Yakague kila wiki. Yaliyojaa wadudu hai yakate uyafukie. Yenye wachache nyunyizia mwarobaini jioni, upande wa chini. Usizidishe mbolea ya yurea wala kupogoa ovyo, maana mti utachipua mfululizo na mdudu hatakosa chakula. Mche wa kununua nao, geuza majani yake kabla hujalipa.

Mwembe una mambo yake. Vinundu vyake vimefumba pande zote. Pasua kimoja kwa ukucha, ndani mna funza wa kainzi kadogo mfano wa mbu. Mwembe mkubwa huvumilia, nami huuacha. Mche mdogo ndio ninaouondolea majani yenye vinundu mapema, kabla kainzi hazijatoboa na kuruka.