Mota-jenereta ya Hilux ya volti 48: pima kabla ya kufungua

Mkuu, umeuliza kama unaweza kubadilisha mwenyewe mota-jenereta (mota moja inayozalisha umeme na pia kuisaidia injini) ya Hilux yako ya volti 48 iliyoacha kuchaji. Unaweza, ila anza na mita ya kupimia volti, spana baadaye. Injini ikiwa inaunguruma, pima betri ndogo, ile ya volti 12. Ikisoma karibu volti 14, inachaji. Ikibaki 12 na kuendelea kushuka, bado usiihukumu jenereta, maana betri hiyo hulishwa na kifaa kinachoshusha umeme wa 48. Kagua mkanda unaozungusha jenereta na tenshena yake, yaani kifaa kinachoukaza. Mkanda huu huvutwa pande zote mbili, mota inapochaji na inapoisaidia injini, kwa hiyo huchoka. Na kama ulipita kwenye maji ya mafuriko ya Jangwani, Dar, angalia kutu kwenye viunganishi vya waya.

Tafadhali sana, kabla ya kugusa waya mnene: zima gari, chomoa hasi ya betri ndogo, tenganisha ile ya 48 chini ya siti ya nyuma, kisha subiri kapasita (vifaa vinavyohifadhi umeme hata gari likizimwa) ziishe umeme. Shoti ya hapo inaweza kuyeyusha ncha ya spana na kukuunguza vibaya.

Beringi ya mota-jenereta ikilia tu, fundi umeme mzuri wa Gerezani ataibadilisha. Ikiwa imekufa saketi ya ndani, nunua nzima, na usilipe Kariakoo kabla hujalinganisha namba ya spea.