Bunduki ya mzee ingewekwa wapi?

Wiki hii mmeuliza kama raia mwenye leseni ya bunduki au bastola aachwe aingie nayo ofisi za serikali. Nasema asiachwe. Nimelinda geti la ofisi moja ya umma hapa Lindi mjini miaka tisa, na najua watu wanavyofika kaunta: amezungushwa mara ya tatu, nauli imeisha, faili halionekani. Hasira zikimpanda mtu huyo, nataka mkononi awe na karatasi tu.

Ila tabu niliyoiona mimi ilikuwa nje ya mlango.

Msimu mmoja wa korosho alikuja mzee kutoka upande wa Liwale. Huko tembo na nguruwe pori wanaweza kumaliza shamba usiku mmoja, kwa hiyo gobole ni chombo cha kazi kama jembe. Alikuwa ametoka polisi kushughulikia leseni yake, risiti anayo, bunduki ameiviringisha kwenye kiroba na kuifunga kwa mpira wa baiskeli. Kwetu alifuata habari za kifuta jasho, fedha anazopewa aliyeharibiwa mazao na wanyamapori, kwa mihogo yake iliyoliwa. Nikampa shikamoo, nikauliza mzigo ule ni nini. Akanieleza bila kuficha. Nikamwambia hauingii.

"Sasa mwanangu, niuweke wapi?"

Sikuwa na jibu. Kibanda changu hakikuwa hata na mlango. Mkubwa wangu alisema tu asiingie nao, akarudi ndani. Mzee akamwachia mzigo dereva wa bodaboda aliyemleta, ambaye hata jina hamjui, chini ya mwembe. Karibu saa nzima silaha ilikaa pale, watoto wa shule wakipita kununua mihogo ya kukaanga. Sijawahi kuogopa kazini kama siku ile.

Mwanangu anasoma sheria, akanieleza mambo ya Marekani, nchi ambayo katiba yake yenyewe inataja haki ya raia kuwa na silaha. Hata huko, kuingia na bunduki kwa makusudi kwenye jengo la serikali ya shirikisho wanamofanyia kazi watumishi wake ni kosa la hadi mwaka mmoja jela. Kwenye mahakama za shirikisho, hadi miwili. Lakini sheria hiyohiyo inadai tangazo libandikwe wazi kwenye kila mlango wa umma. Pasipo tangazo mtu hatiwi hatiani kwa kosa hilo, labda ithibitike alikuwa anajua. Hilo nimelipenda sana. Getini kwetu hapakuwa na bango. Marufuku ilikuwa mdomoni mwangu.

Posta yao ilikaza zaidi, hadi kwenye maegesho ya magari. Mkazi mmoja wa eneo la Avon, Colorado, ambaye barua hazimfikii nyumbani na lazima azifuate posta, alikwenda mahakamani adai walau aiache bastola ndani ya gari lake. Mwaka 2015 mahakama ya rufani ikamkatalia. Niliposikia hivyo nikamkumbuka mzee wangu, maana huyu wa Colorado naye amezuiwa mlangoni, amezuiwa uani, na shida iliyomleta iko palepale.

Ombi langu ni dogo. Bango la Kiswahili, herufi kubwa, getini. Na mtu aliyetoka mbali kwa ajili ya leseni aruhusiwe kuiacha silaha kituoni polisi, iandikwe kwenye daftari, apewe karatasi, azungukie shida zake za mjini, airudie kabla ya basi.

Na lipo jingine ambalo linanisumbua hadi leo. Mzee wa bodaboda na kiroba nilimsimamisha. Matajiri wa korosho waliokuja na magari ya vioo vyeusi niliwafungulia geti na kuwapigia saluti, na hakuna siku niliyoambiwa niwaulize wamebeba nini kiunoni. Bango likiwekwa, mlinzi apewe na amri ya kuwakagua hao pia.