Wasomaji Wauliza: Mtu Anapokuandama Kila Uendako

Assalaam aleikum. Mume wangu aliniacha mwaka jana na eda imekwisha. Lakini kila baada ya Magharibi huja kuketi baraza inayoelekea mlango wangu. Nikipita Usita wa Mui, yuko nyuma yangu. Kituoni nikaambiwa ni mambo ya nyumbani, nende kwa kadhi. Nifanyeje?
*Mama wa wawili, Langoni, Lamu*

Wa aleikum salaam, dada. Aliyekuelekeza kwa kadhi amekosea. Kadhi huamua ndoa, talaka na mirathi; kuandamwa ni kazi ya polisi na hakimu. Sheria ya Kenya ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 imetaja waziwazi kuwa kumwandama mtu ni dhuluma, na talaka haikutoi katika ulinzi wake. Waliowahi kuoana wamo, wachumba wamo, waliozaa pamoja wamo.

Rudi kituoni, uliza dawati la jinsia, na uombe maelezo yako yachukuliwe na afisa mwanamke; ni haki yako. Usitoke bila nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Kinachoharibu maelezo mengi ni neno "ananisumbua" likiachwa peke yake: huandikwa kama ugomvi wa mke na mume, basi. Sema siku gani, saa ngapi, alikaa wapi, alitamka nini, nani alisikia. Tafuta daftari uandike usiku uleule, maana wakili wake atakuuliza tarehe, na kumbukumbu ya miezi sita huyumba.

Kisha nenda mahakama ya hakimu uombe amri ya ulinzi. Hakimu akiona kuchelewa kunaweza kukuletea madhara, hutoa amri ya muda hata kabla bwana huyo hajasikilizwa. Hapa pana jambo la Lamu hasa: usiombe tu kwamba asikukaribie mita 100. Katika vichochoro vya mji wetu, nyumba ya mamake yaweza kuwa ndani ya mita hizo, na amri isiyotekelezeka humpa upenyo. Taja mahali kwa majina: baraza ile, mlango wako, skuli ya watoto, gati saa unazovuka kwenda Mokowe.

Hakikisha amepelekewa nakala ya amri. Asipopewa, ni vigumu kumshtaki kwa kuivunja. Nakala moja iweke kituoni, nyingine tembea nayo. Akiivunja baada ya kupewa, ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili.

Nauza katika duka la nguo. Kuna mteja alinitaka, nikamkataa. Sasa ananiandikia kwa laini tofauti, anataja hata rangi ya buibui nililovaa. Nimezuia laini nne na kufuta kila kitu.
*Binti wa Barani, Malindi*

Pole sana, mdogo wetu, na tafadhali usifute tena. Kesi yako ni ngumu zaidi kwa sababu ya pengo la sheria, wala si kosa lako: amri ya ulinzi ya sheria ile ya 2015 ni ya watu wenye uhusiano, na wewe huna uhusiano na mtu huyu.

Ila ujumbe wake una sheria yake. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 kinaadhibu mawasiliano yanayomtia mtu hofu ya kudhuriwa: faini hadi shilingi milioni 20, kifungo hadi miaka 10, au vyote viwili. Akishashtakiwa, waweza kuomba mahakama imkataze kukuandikia, na ombi hilo husikilizwa ndani ya siku 14. Mahakama pia yaweza kuiagiza kampuni ya simu itaje mwenye laini, kwa hiyo kubadilisha laini hakumfichi.

Mwandikie mara moja tu: "Usinitafute tena." Baada ya hapo nyamaza, jibu la hasira litasomwa mahakamani kama mazungumzo. Piga skrinshoti zinazoonyesha nambari yenyewe, tarehe na saa. Jina ulilolihifadhi wewe halithibitishi chochote. Usiuze wala kubadilisha simu hiyo, kwa kuwa kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza kifaa kilichotoa ushahidi huo na namna ulivyotolewa.

Akitamka kukuua, hilo ni kosa jingine, na ni zito: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 223, hadi miaka 10. Ukihitaji msaada usiku, piga 1195, simu ya kusaidia waliofanyiwa dhuluma za kijinsia.

Mbona hakuna kosa moja la kumwandama mtu, awe nani awaye?
*Mwalimu, Maweni, Malindi*

Swali hili tunalitaka lifike Bungeni. California ilitunga sheria yake mwaka 1990. Uingereza ilianza 1997, ikahesabu vitendo viwili kuwa vyatosha, na 2012 ikaongeza kosa lenye jina lake. Japani ilitunga 2000, na 2021 ikaongeza kufuatilia mtu kwa kifaa cha GPS. Sisi bado tunapima kila tendo peke yake, na kuketi barazani au kupita dukani, kukitazamwa mara moja tu, si kosa. Hofu ya mwanamke anayeandamwa imo katika marudio. Sheria ihesabu marudio, na amri ya ulinzi isiulize mlikuwa nani kwa nani.

Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge au kurekebisha sheria. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, likaeleza marekebisho yanayotakiwa, hatua zilizokwisha kuchukuliwa, na kama jambo liko mahakamani, kisha likatiwa saini. Anzeni na wazazi wa skuli yenu.